Muziki wa Tamthilia ya "It": Kwa Nini Kazi Iliyoshinda Tuzo Inaweza Kutoweka Sokoni

Kila ifikapo tarehe 27 Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Jongevu. Siku hiyo iliwekwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) ili kuyakumbusha mataifa kwamba kanda, filamu na santuri ni kumbukumbu zinazoweza kupotea kama zinavyopotea hati za karatasi. Ni rahisi kwa mwananchi kuelewa kwa nini hotuba ya kiongozi au picha za siku ya uhuru zihifadhiwe. Ni wachache wanaojiuliza kuhusu muziki unaosikika nyuma ya tamthilia ya televisheni. Hata hivyo, muziki huo nao ni kazi ya mtu, una mmiliki, una thamani ya fedha na una kanda iliyowekwa kwenye ghala fulani.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kusikika na mamilioni ya watu, ikapewa tuzo ya juu katika fani yake, kisha isipatikane dukani kwa miongo miwili. Mfano unaotumika ni muziki wa tamthilia ya kutisha iitwayo "It", iliyorushwa nchini Marekani mwaka 1990. Sababu zilizoufanya muziki wa aina hiyo kuwa adimu hazihusu Marekani peke yake. Zinahusu hakimiliki, mikataba na utunzaji wa kanda, na kwa hiyo zinagusa msanii, mrithi wa msanii na msikilizaji wa Tanzania.

Tamthilia na muziki wake

"It" ni riwaya ya mwandishi Stephen King iliyochapishwa mwaka 1986. Inasimulia habari za watoto saba wa mji wa kubuni uitwao Derry, katika jimbo la Maine, wanaokabiliana na kiumbe kinachowinda watoto. Kiumbe hicho hupenda kujitokeza kwa sura ya mchekeshaji wa sarakasi mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe, aitwaye Pennywise. Miaka 27 baadaye watoto wale, sasa wakiwa watu wazima, wanalazimika kukutana tena katika mji huo ili kulimaliza jambo waliloliacha.

Riwaya hiyo ina kurasa zaidi ya elfu moja. Iligeuzwa kuwa tamthilia fupi ya sehemu mbili, iliyorushwa na kituo cha ABC tarehe 18 na 20 Novemba 1990. Mwongozaji alikuwa Tommy Lee Wallace, na mwigizaji wa Uingereza Tim Curry ndiye aliyevaa uso wa Pennywise. Upigaji picha ulifanyika Vancouver, nchini Kanada. Muziki ulitungwa na Richard Bellis, Mmarekani aliyekuwa mwigizaji tangu utotoni kabla ya kuingia katika utunzi.

Kazi ya Bellis haikuwa nyepesi. Televisheni ya wakati huo ilikuwa na mipaka ambayo sinema haikuwa nayo. Damu na ukatili havikuweza kuonyeshwa kwa kiwango ambacho riwaya ilikieleza, na kila baada ya dakika chache hadithi ilikatizwa na matangazo ya biashara. Hofu ilipaswa kujengwa kwa njia nyingine, na njia iliyokuwa karibu ni sauti. Bellis alichanganya ala za okestra na vinanda vya umeme, kisha akaweka katikati yake muziki wa sarakasi. Mtazamaji anasikia sauti za furaha ya utotoni mahali ambapo furaha haipo, na hapo ndipo hofu inapoanzia. Mwaka 1991 Bellis alishinda Tuzo ya Emmy ya utunzi bora wa muziki kwa tamthilia fupi au kipindi maalumu.

Pamoja na heshima hiyo, wakati tamthilia inarushwa hapakuwa na albamu ya muziki huo madukani. Aliyeupenda aliweza kuusikia tu akiwa anaitazama tamthilia yenyewe, huku ukifunikwa na maneno ya waigizaji na vishindo vya milango. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi kampuni ya Intrada ya California, inayoshughulika na muziki wa filamu, ilipoutoa katika diski mbili.

Hali hiyo haikuipata "It" peke yake. "Salem's Lot", tamthilia nyingine iliyotokana na riwaya ya King na kurushwa na kituo cha CBS mwezi Novemba 1979, ilikuwa na muziki wa Harry Sukman, mtunzi aliyekuwa ameshashinda Tuzo ya Oscar. Kazi hiyo ilipendekezwa kuwania Emmy, lakini Sukman alifariki dunia mwaka 1984 kabla muziki huo haujatolewa kama albamu. Kwa upande mwingine, muziki wa "The Stand" uliotungwa na W. G. Snuffy Walden ulipata albamu mwaka uleule tamthilia iliporushwa, yaani 1994. Tofauti kati ya kazi hizi haikutokana na ubora. Ilitokana na mambo yanayofanyika ofisini na ghalani, mbali na masikio ya mtazamaji.

Nani mwenye mali?

Jambo la kwanza ni umiliki. Mtu akimsikia mtunzi akitajwa katika majina ya mwisho wa tamthilia, hudhani kwamba mtunzi huyo ndiye mwenye muziki na anaweza kuuza nakala zake apendapo. Katika mfumo wa Marekani, mara nyingi sivyo. Muziki wa filamu na televisheni kwa kawaida hutungwa chini ya mkataba unaoifanya kampuni ya uzalishaji ihesabike kisheria kuwa mtunzi na mmiliki. Mtunzi wa kibinadamu hulipwa ujira wake, na hubaki na sehemu ya mirabaha inayolipwa kila tamthilia inaporushwa hewani, lakini uamuzi wa kutoa albamu si wake.

Kwa kazi za namna hiyo, sheria ya Marekani inatoa ulinzi wa miaka 95 tangu kutolewa kwake kwa mara ya kwanza, au miaka 120 tangu kuundwa kwake, muda wowote utakaotangulia kuisha. Kwa hesabu hiyo, muziki uliotolewa mwaka 1990 utakuwa chini ya hakimiliki hadi mwisho wa mwaka 2085. Watu waliozaliwa usiku ule "It" iliporushwa watakuwa na umri wa miaka 95.

Katika kipindi kirefu namna hiyo, kampuni hubadilika. "It" yenyewe ilizalishwa kwa ushirikiano wa kampuni kadhaa, zikiwemo Lorimar Television na Warner Bros. Television. Lorimar ilikuwa imenunuliwa na Warner mwaka 1989, na miaka michache baadaye jina lake likamezwa kabisa. Kila kampuni inapouzwa, kuunganishwa au kufungwa, majalada huhamishwa, watumishi waliojua kilichomo kwenye makasha hustaafu, na orodha za kanda huandikwa upya au haziandikwi. Anayetaka kutoa albamu miaka 20 baadaye huanza kwa kutafuta mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Wakati mwingine hata ofisi inayomiliki kazi haijui kwamba inaimiliki.

Gharama ambazo msikilizaji hazioni

Jambo la pili ni malipo ya wanamuziki. Wapigaji ala wanaorekodi muziki wa filamu nchini Marekani na Kanada chini ya mikataba ya shirikisho lao la wafanyakazi hulipwa kwa matumizi yaliyokusudiwa, yaani filamu au kipindi cha televisheni. Rekodi ileile ikihamishiwa kwenye santuri au diski kwa ajili ya kuuzwa, hayo ni matumizi mapya na wanapaswa kulipwa tena. Utaratibu huo una haki ndani yake: mpiga fidla hapaswi kubaki mikono mitupu wakati sauti ya fidla yake inaingiza fedha kwa njia ya pili.

Pamoja na haki hiyo, utaratibu ulikuwa na athari katika biashara. Malipo yaliongezeka kadiri muziki ulivyozidi kuwa mrefu na kundi la wapigaji lilivyozidi kuwa kubwa. Ndiyo maana albamu nyingi za muziki wa filamu za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilikuwa na dakika 30 tu hivi, hata pale ambapo filamu ilikuwa na muziki wa saa nzima. Kwa tamthilia ya televisheni hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Sinema huonyeshwa kwa wiki nyingi na kuipa albamu muda wa kuuzwa, ilhali tamthilia ya usiku mbili hupita kama mvua ya masika: inasikika na mji mzima, kisha kesho yake watu wana habari nyingine. Kampuni iliyopiga hesabu ya malipo ya okestra na kuilinganisha na idadi ya wanunuzi wanaotarajiwa iliweza kuona hasara kabla hata ya kuanza.

Baadaye yalipatikana makubaliano yaliyopunguza mzigo huo kwa matoleo ya nakala chache. Hapo ndipo zilipostawi kampuni ndogo zinazochukua leseni kutoka kwa wamiliki wakubwa, kutafuta kanda za zamani, kuzisafisha na kuchapisha nakala 1,000 au 3,000 kwa ajili ya wapenzi wa muziki huo duniani kote. Utaratibu huo umeokoa kazi nyingi. Hata hivyo, nao una mwisho wake. Leseni huwa na muda na idadi ya nakala inayoruhusiwa. Nakala zikishamalizika, kampuni hairuhusiwi kuongeza hata moja bila makubaliano mapya. Kuanzia siku hiyo, diski iliyouzwa kwa bei ya kawaida huanza kuuzwa na mtu kwa mtu kwa bei inayopanda mwaka hadi mwaka, na hakuna senti ya bei hiyo mpya inayomfikia mtunzi wala wapigaji.

Kanda nazo zina umri

Jambo la tatu ni kanda yenyewe. Ruhusa zote zinaweza kupatikana na fedha zikawepo, lakini kanda mama ikiwa imeharibika hakuna albamu. Kanda mama ni ile rekodi ya kwanza iliyotoka studio, ambayo nakala nyingine zote huzaliwa kutoka kwake.

Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma, zikashikiliwa na gundi. Sauti huandikwa katika mpangilio wa sumaku wa chembechembe hizo. Gundi iliyotumika katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na udhaifu uliokuja kujulikana baadaye: hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kunata. Kanda ya namna hiyo ikiwekwa kwenye mashine hukwaruza, husimama na huacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha kusomea. Unga ule ndio muziki wenyewe unaobanduka. Mafundi wamegundua kwamba kanda hizo zikipashwa joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, chini ya uangalizi, gundi hushika tena kwa muda wa kutosha kuzicheza na kuhamishia sauti katika mfumo wa kidijitali. Ni tiba ya muda tu, na haifanywi jikoni na mtu asiye na utaalamu.

Kuna pia hatari ya ghafla. Tarehe 1 Juni 2008, moto uliunguza majengo katika eneo la Universal Studios Hollywood, likiwemo ghala lililohifadhi kanda za muziki. Ukubwa wa hasara ulifahamika kwa umma mwaka 2019, baada ya uchunguzi wa gazeti la New York Times. Idadi ya kanda zilizoteketea imebishaniwa, lakini kampuni husika ilikubali kwamba baadhi ya kanda mama za wasanii wake zilipotea. Kwa miaka 11 wapo wasanii waliodhani kazi zao zipo salama ghalani.

Hatari ya tatu ni ya kimyakimya: kuadimika kwa mashine za kuchezea. Hakuna kiwanda kinachotengeneza kwa wingi mashine za kanda pana za studio, vipuri vyake vinaadimika, na mafundi wanaozifahamu wanazeeka. Kwa sababu hiyo UNESCO, ikishirikiana na chama cha kimataifa cha nyaka za sauti na picha jongevu, ilitoa tahadhari kwa mataifa ikiutaja mwaka 2025 kuwa mpaka ambao baada yake itakuwa vigumu sana kuhamisha kanda za sumaku kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka huo ulipowadia haukuzima mashine zote kwa usiku mmoja. Maana yake ni kwamba kila mwaka unaopita, gharama za kuokoa kanda moja huongezeka, na idadi ya kanda zinazoweza kuokolewa hupungua.

Kwa hiyo, ili muziki kama wa "It" uje kusikika peke yake, mambo matatu yalipaswa kukutana: mmiliki anayejulikana na aliye tayari kutoa leseni, hesabu ya malipo inayobebeka, na kanda iliyotunzwa mahali panapojulikana. Likikosekana moja, mengine mawili hayasaidii.

Je, kazi isiyouzwa tena ni ya bure?

Swali hili huulizwa mara nyingi na wananchi. Mtu amekosa diski madukani, kampuni haichapishi tena, na rafiki yake anayo nakala. Je, akiinakili na kuiuza anamkosea nani?

Jibu la kisheria ni kwamba kutopatikana kwa kazi sokoni hakuondoi hakimiliki. Tanzania na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa. Marekani ilijiunga mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1994. Kwa mujibu wa mkataba huo, kazi iliyotoka katika nchi mwanachama mmoja hulindwa katika nchi nyingine mwanachama bila kuhitaji kusajiliwa huko. Anayechoma nakala za muziki wa tamthilia ya Marekani na kuziuza Kariakoo, au kuutumia kama muziki wa tangazo la biashara yake bila kibali, anavunja sheria hata kama hakuna duka lolote duniani linalouza muziki huo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaruhusu matumizi machache bila kibali, kama vile matumizi binafsi, kunukuu sehemu fupi na kufundishia, katika mipaka iliyowekwa. Kuuza nakala hakumo katika ruhusa hizo. Kwa anayenunua, tahadhari ni kuchunguza anachouziwa. Kazi inapokuwa adimu, nakala bandia huwa nyingi. Diski isiyo na jina la kampuni iliyoitoa, isiyo na maelezo ya leseni na yenye karatasi iliyochapwa kwa mashine ya ofisini huwa na dalili zote za kuwa nakala ya wizi, hata kama bei yake ni kubwa.

Funzo kwa urithi wa sauti nchini

Kisa cha muziki huu wa kutisha kina mwangwi unaosikika hapa nyumbani. Kwa miongo kadhaa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) zilikuwa mahali ambapo bendi za muziki wa dansi, vikundi vya taarab, ngoma na kwaya zilirekodi kazi zao. Kanda hizo, pamoja na michezo ya redio na hotuba, sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Nyingi hazikutolewa kamwe kama santuri. Zilirekodiwa ili zirushwe hewani, kama muziki wa Bellis ulivyorekodiwa ili usikike ndani ya tamthilia. Nazo zimetengenezwa kwa plastiki, gundi na oksidi ya chuma, na zimetunzwa katika mji wa pwani ambako unyevu wa hewa ni adui wa kila siku.

Suala la umiliki nalo lipo. Chini ya sheria ya Tanzania, haki za mtunzi hulindwa katika maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwanamuziki aliyetamba na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki dunia Januari 1979. Kwa hesabu hiyo, haki za utunzi wake zinaendelea kulindwa hadi mwaka 2029. Zaidi ya miongo minne baada ya kifo cha mtunzi, bado kuna mtu mwenye haki ya kuombwa kibali na kulipwa. Swali ni kama mtu huyo anajulikana, na kama yeye mwenyewe anajua alichorithi.

Tofauti moja inapaswa kueleweka hapa, kwa kuwa huchanganya watu wengi. Wimbo mmoja uliorekodiwa hubeba haki zaidi ya moja. Ipo haki ya aliyetunga maneno na sauti, ipo haki ya walioimba na kupiga ala, na ipo haki ya aliyegharimia kurekodi. Sheria yetu huziita hizi mbili za mwisho hakishiriki. Kumiliki kanda si sawa na kumiliki utunzi, na kumiliki utunzi hakumpi mtu kanda. Kazi nyingi hukwama kwa sababu mwenye kimoja hamfahamu mwenye kingine.

Yanayoweza kufanywa sasa

Kwa mtunzi au mpiga muziki anayepewa kazi ya kutengeneza muziki wa tamthilia au filamu hapa nchini, hatua ya kwanza ni mkataba wa maandishi. Mkataba huo useme wazi nani atamiliki utunzi, nani atamiliki rekodi, kama muziki unaweza kutolewa peke yake kama albamu au kwenye mitandao, na nani atalipwa nini hilo likitokea. Mazungumzo ya mdomo huisha na kumbukumbu za waliozungumza.

Hatua ya pili ni usajili. Kwa Tanzania Bara kazi husajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), na kwa Zanzibar iko ofisi yake, COSOZA. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoundwa, hivyo usajili hauizai. Faida ya usajili ni kuacha ushahidi. Miaka 30 baadaye, mtu anayetafuta kibali atajua pa kubisha hodi.

Hatua ya tatu ni utunzaji wa rekodi. Msanii asibaki na nakala moja tu, na nakala zote zisikae chumba kimoja. Kompyuta huibiwa, diski za nje hufa bila kutoa taarifa, na akaunti za mitandaoni hufungwa. Rekodi ya kidijitali haichakai kama kanda, lakini inaweza kupotea yote kwa sekunde moja. Ni vema kila faili liwe na jina la wimbo, tarehe, majina ya waliopiga na mahali iliporekodiwa, kwa kuwa sauti isiyo na maelezo ni vigumu kuipatia leseni.

Hatua ya nne inawahusu wananchi wenye kanda na santuri za zamani majumbani. Zisitupwe kwa sababu mashine ya kuzichezea imekufa, na zisijaribiwe kuchezwa kwenye mashine chakavu inayoweza kuzikata. Ziwekwe mahali pakavu na penye kivuli, mbali na jua, vumbi na spika kubwa zenye sumaku, zikiwa zimesimamishwa wima. Kabla ya kuziuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale, familia iulize kwanza kama kilichomo ni nakala iliyozagaa au ni rekodi ambayo huenda haipo kwingine. Warithi wa wasanii nao wakusanye mikataba, barua na stakabadhi za marehemu, kwani karatasi hizo ndizo zinazothibitisha haki yao.

Muziki wa "It" hatimaye ulipata nafasi ya kusikika peke yake kwa sababu kanda zilikuwepo, mmiliki alijulikana na kampuni ndogo ilikubali kubeba gharama. Tuzo ya Emmy haikuharakisha jambo hilo, na mamilioni ya watazamaji hawakulifanya litokee. Mji mzima unaweza kuwa unaukumbuka wimbo, lakini kama hakuna anayejua kanda iko wapi na ni mali ya nani, kumbukumbu hiyo itaondoka na wale wanaoikumbuka.